Kinda wa shore alinifia mkononi, bundi wa darini ndio walionifunza

Mwezi wa tano mwaka 2022 masika yalikuwa yamekaza kweli, usiku kucha upepo na mvua, asubuhi natoka nifagie uwanja hapa kwetu Malindi nakuta chini ya mwarobaini kuna kinda wa shore, yule ndege mdogo, amelowa chepechepe. Alikuwa na manyoya tayari lakini mkia mfupi, pembeni mwa mdomo bado ana ule unjano wa utoto, na akiruka anafika hatua mbili tatu kisha anakaa. Juu ya mti shore wawili wapiga kelele utadhani kuna nyoka. Mie moyo ukaniuma, nikasema huyu yatima, kaanguka na mvua, nikimuacha hapa paka atamla. Nikamfunika na kanga nikamuingiza ndani.

Nilimuweka kwenye beseni na kitambaa, nikamlowekea mkate kwa maziwa, na maji nikimtilia mdomoni kwa ile sindano ya plastiki ya kunyweshea watoto dawa. Watoto wangu walifurahi wakampa na jina. Jioni akaanza kukohoa kohoa kama anayepaliwa, nikadhani ni baridi nikamsogeza karibu na jiko. Usiku kimya. Siku ya pili kabla ya adhuhuri akafa, mkononi mwangu, shingo ikalegea tu hivi. Wanangu walilia, wakamzika chini ya mpapai.

Kitu ambacho mpaka leo kikinijia kinaniumiza ni hiki, wale shore wawili waliendelea kuja pale mwarobaini siku mbili nzima baadae, kila mmoja na mdudu mdomoni, wanaita, wanashuka mpaka chini pale pale nilipomuokotea, wanatazama, wanaondoka. Nimekaa barazani nawaona na bado sikuelewa ninachokiona.

Nilikuja kuelewa Eid ya kuchinja mwaka huo huo. Nina mtoto wa shangazi yangu anakaa Gede, kazi yake ni kutembeza wageni msitu wa Arabuko-Sokoke, ndege anawajua kwa sauti tu hata hajawaona. Tumekaa tunakula pilau nikamhadithia. Hakunigombeza, aliniuliza tu maswali, dada, alikuwa na manyoya? Nikasema ndio. Alikuwa akiruka ruka? Ndio. Wazee wake walikuwa karibu? Walikuwa juu ya mti. Akanyamaza kidogo kisha akaniambia dada yule hakuwa ameanguka, alikuwa anatoka darasa la kwanza.

Akanieleza kwamba ndege wengi wadogo kama shore huondoka kwenye kiota kabla hawajajua kuruka vizuri, na ni kwa sababu, manake kiota kikijaa makinda wakubwa wanaopiga kelele ni rahisi nyoka au kunguru kukigundua akala wote kwa mara moja, lakini wakitawanyika vichakani huku mmoja kule mmoja angalau baadhi watapona. Siku hizo za chini mama na baba wanaendelea kuwalisha pale pale walipo. Zile kelele nilizosikia ndio kinda anaambiwa nyamaza, na mie naambiwa ondoka.

Na chakula nilichompa ndio kilimmaliza. Ndege hanyonyi, tumbo lake halina uwezo wa kusaga maziwa, humharisha tu. Mkate humjaza bila kumlisha, kinda wa shore analishwa wadudu laini na matunda, anahitaji protini akue. Na maji ndio mabaya zaidi, kwa sababu tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi, wazi, ukimsukumia maji kwa sindano yanaingia kwenye mapafu. Kile kikohozi hakikuwa baridi. Nilimzamisha kidogo kidogo na huku namuonea huruma.

Nikamuuliza sasa ile ya kusema ukimshika kinda mama yake atamkataa kwa harufu ya mtu? Hii nilifunzwa na bibi yangu na nafikiri sote wa pwani tumekua nayo. Akasema si kweli, shore hawezi kumtupa mwanawe eti kwa sababu kashikwa na mtu, amehangaika kujenga, kuatamia na kulisha, hatoacha kazi yote hiyo kwa harufu ya mkono. Kwa hivo ukikuta kinda bado uchi hana manyoya, mrudishe kwenye kiota kwa mkono wako. Kiota kikiwa kimevunjika basi chukua pakacha dogo, la makuti ni zuri kwa sababu maji hayatuami ndani, tia nyasi kavu na kinda ndani, lifunge juu ya mti ule ule na uondoke mbali kabisa. Akiwa na manyoya na anaruka ruka, kazi yako ni kufunga paka na kuita watoto ndani. Kama yuko barabarani au kunguru wanamzunguka, mnyanyue umuweke kichakani hatua chache tu kutoka hapo, wazee wake watamsikia akilia.

Hawa kunguru naomba niseme neno. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, asili yao Bara Hindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kuja kula taka, wakasambaa mwambao wote. Hapa Malindi wanakula mayai na makinda ya ndege wengine kila siku. Kila ninapoacha taka za samaki wazi nyuma ya nyumba nawaalika mimi mwenyewe. Nimeacha, natumia ndoo yenye kifuniko, na mwarobaini wangu una utulivu ambao haukuwepo.

Basi nikajiona nimeshaelimika. Mwaka 2023 ukaja kunionesha bado.

Ramadhani hiyo ya mwezi wa tatu na wa nne, nikiamka kupika daku nikawa nasikia sauti juu ya dari, khhhhhhh, khhhhhh, kama mzee anayekoroma halafu anakata. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na mabati, siling bodi, na ukutani juu kuna tundu ambalo mume wangu amekuwa akisema ataliziba tangu tumehamia. Nikapanda ngazi na tochi ya simu. Nikaona nyuso tano nyeupe zimejipanga, kila mmoja ana ukubwa wake, zimejaa manyoya ya malaika kama pamba, na uso umechorwa kama kopa la karata. Bundi. Makinda wa bundi watano.

Mama mkwe aliposikia alikataa kulala ndani. Kwake yeye huyo ni babewatoto, akilia juu ya nyumba basi kuna mtoto ataondoka, na sisi tuna mjukuu wa miezi minane. Simlaumu, ndivyo alivyolelewa. Habari zikafika mtaani, jioni vijana wa boda wakaja na mawe na petroli kwenye chupa, wanasema shangazi tupishe tuwatoe mara moja. Mume wangu yuko Mombasa kikazi, kwenye simu anasema nitafute fundi azibe tundu siku ile ile. Ningeziba wale watano wangekufa njaa ndani, na nyumba ingenuka mpaka Eid.

Aliyeniokoa alikuwa ustadh anayesomesha watoto wetu. Alikaa barazani na mama mkwe wangu baada ya tarawehe akamkumbusha kwa upole kwamba Mtume alikataza tiyara, yaani kumfanya ndege kuwa ni mkosi, na katika hadithi hiyo hiyo imetajwa hama, na maulamaa wengine walifasiri kwamba hama ni bundi ambaye Waarabu wa zamani wakimuogopa vile vile kama tunavyomuogopa sisi. Mama akanyamaza, akasema basi wakae, lakini mie mlango wangu naufunga. Vijana wa boda nao nikawaambia nyinyi mnabeba wazungu mpaka Gede kila wiki, mnajua wanakwenda kutafuta nini msituni? Wengine wanatoka ng'ambo kuja kumuona bundi, yule kibundi mdogo wa Arabuko-Sokoke, hazidi sana kiganja cha mtu mzima, wataalamu hawakumjua mpaka 1965, na mpaka leo hapatikani popote duniani isipokuwa huku pwani yetu na milima ya Usambara huko Tanga. Watu wanalipa kumuona bundi nyinyi mnataka kumchoma bure. Wakacheka wakaondoka.

Sasa makosa yangu mwenyewe. La kwanza, nilikuwa napanda kuwatazama kila siku, na watoto, na tochi, na majirani. Mtoto wa shangazi aliponipigia akaniuliza, dada, huyo mzazi wao atashuka vipi na panya wake na nyinyi mko hapo? Akaniambia wasogeleeni mara moja kwa wiki, mchana, dakika moja, bila tochi ya machoni. Kisha akaniuliza kama kuna sumu ya panya ndani ya nyumba.

Kulikuwa nayo. Wiki mbili kabla nilitia stoo, ile ya punje za buluu, sababu panya walikuwa wanatoboa magunia ya mchele. Panya akila ile hafi papo hapo, anazubaa siku mbili tatu, anatoka nje anatembea polepole, na panya anayetembea polepole ndio wa kwanza kukamatwa na bundi. Nikaitoa usiku ule ule nikaizika mbali. Siku ya nne nikamkuta bundi mkubwa mmoja chini ya ukuta wa nyuma, ameanguka kifudifudi, damu kidogo puani. Siwezi kuapa ni sumu yangu, jirani pia huweka, lakini moyo wangu unajua. Nilikaa naye pale chini nikahisi aibu ambayo sijui niieleze vipi, mtu niliyekuwa nabishana na mtaa mzima kuwatetea.

Yule mzazi aliyebaki akaendelea peke yake. Nilikuwa nakaa uwanjani baada ya Isha namsubiri, na hutomsikia, unaona tu kitu cheupe kimepita juu ya kichwa bila hata kuvuma. Manyoya ya mbele ya bawa lake yana meno madogo kama kitana, na kingo za nyuma ni laini kama nyuzi za mwisho wa shuka, zinakata upepo vipande vidogo visitoe sauti. Na yeye ndio anasikia kila kitu, ule uso wa kopa ni kama sahani inayokusanya sauti, sikio moja limekaa juu kuliko jingine, kwa hivo sauti ya panya inafika sikio moja mbele ya lile jingine na anajua panya yuko wapi hata kukiwa giza totoro. Halafu sababu ya kugeuza shingo mpaka watu wanaogopa ni kwamba macho yake hayazunguki, yamekwama kichwani kama taa za gari, akitaka kutazama pembeni sharti ageuze kichwa kizima. Ana mifupa 14 ya shingo, sisi tuna 7, anaweza kuzungusha robo tatu ya duara. Hakuna uchawi hapo. Na mchana anaona vizuri tu, ile ya kusema bundi ni kipofu wa mchana si kweli.

Chini ya tundu nikawa naokota madonge meusi kama kidole gumba. Mie nilidhani ni kinyesi, nikafundishwa kwamba bundi humeza panya mzima, kisha nywele na mifupa asiyoweza kuisaga huiviringa tumboni akaitapika. Nililipasua moja kwa kijiti na watoto, tukatoa mafuvu matatu ya panya. Matatu kwenye donge moja! Na mie nanunua sumu.

Yule kinda mdogo kabisa alikufa. Bundi hawaanguliwi siku moja, mama anaanza kuatamia yai la kwanza kabla hajamaliza kutaga, kwa hivo mkubwa na mdogo wanapishana hata wiki mbili, na chakula kikiwa kichache mkubwa ndio anakula. Ni mpango mkali, lakini unahakikisha angalau mmoja anatoka mzima. Wanne waliobaki walitoka kwenye tundu mmoja mmoja, wakajifunza kuruka juu ya ukuta, wakikoroma usiku kucha kuomba chakula, na mwisho wa mwezi wa tano wakawa wameondoka. Gharama yangu ikawa siling bodi mbili zilizooza kwa kinyesi, fundi na vifaa 7,800, harufu kama mwezi, na mama mkwe kununa. Niliziba tundu baada ya kusubiri wiki mbili kuhakikisha hakuna anayelala ndani, usizibe haraka. Nikatengenezesha sanduku la mbao lenye mlango likapigiliwa juu ya mnazi, 2,500, mpaka sasa hakuna aliyelala humo. Na kabla hujafikiria kufuga ndege yeyote wa mwituni ujue sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu bila kibali, ukimpata ameumia wapigie KWS, shirika la wanyamapori, wana ofisi pale Gede.

Tokea hapo nikawa mtu wa kuulizwa. Watoto wa mtaa wakija kuchukua mahamri asubuhi wananiuliza, mama, mbona ndege akikaa kwenye waya wa stima hafi? Nawaambia kwa sababu anakaa kwenye waya mmoja tu, miguu yote hapo hapo, umeme hauna pa kwenda kupitia yeye, lakini ndege mkubwa akigusisha waya mbili kwa mabawa, au waya na nguzo, anakufa. Mbona akilala haanguki? Wengi wanasema akichutama mguu ukikunjika kano zinavuta vidole vinajikaza wenyewe. Mbona yule mnana wa njano kwenye mnazi anajenga kiota kisha anakibomoa? Kwa sababu aliyejenga ni dume, na jike kapita kakikagua kakataa, kikikauka hakuna atakayekitaka, bora aanze upya na nyasi mbichi.

Kuna swali halikuwa na jibu nyumbani, kila kaskazi wale ndege wa ufukweni, kitwitwi na sululu, wengi pwani wanatoka wapi na kusi wanakwenda wapi. Januari 2024 nikamlipa mtoto wa shangazi nauli atupeleke mdomo wa mto Sabaki. Tulichukua tuktuk mpaka karibu na daraja kisha tukatembea mchangani. Nendeni asubuhi, vaeni kofia, msipeleke mbwa. Pale aliniambia kitu kilichonifanya nikae chini, kwamba wale kitwitwi vidogo wenye mdomo uliopinda kidogo wanazaa Siberia, kule kwenye barafu, wanakuja huku kwetu kama walivyokuja mabaharia wa majahazi, wanaanza kufika mwezi wa nane na kuondoka karibu mwezi wa nne. Jamaa yao mmoja aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia mwaka 2022, kinda wa miezi mitano tu, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania kilomita 13,560 kwa siku 11, hajatua, hajala. Wakikaribia safari wanakula mpaka wananenepa, halafu tumbo na matumbo yao yanasinyaa kupunguza mzigo. Kwa hivo watoto wanapowakimbiza ufukweni kwa mchezo wanawachomesha mafuta ya safari. Wangu walikuwa wakifanya hivo kila Jumapili, nami nikiwapiga picha.

Heroe walikuwepo pia, si wengi. Wamesimama mguu mmoja, mwanangu akauliza hawachoki? Watafiti wa Marekani walionesha mwaka 2017 kwamba hata heroe aliyekufa ukimsimamisha mguu mmoja anasimama, mguu umejifunga wenyewe bila nguvu ya msuli, kwa miwili hawezi. Na lile tunaloliona kama goti limepinda nyuma ni kifundo, goti lenyewe liko juu ndani ya manyoya. Rangi ya waridi inatokana na anachokula, akizaliwa ni wa kijivu.

Wiki iliyofuata tukaenda hori ya Mida, maji yakiwa yanajaa, hapo ndege wanasukumwa karibu. Kuna ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, chakula chake kaa. Huyu anazaa upande wa Ghuba ya Uarabuni, anachimba shimo mchangani anataga yai moja tu, joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Mbele yetu mkubwa mmoja alikamata kaa akamtikisa miguu ikaruka, na kando yake kuna mwingine wa kijivu kijivu, mkubwa kama yeye, anainama inama analia. Akampa. Nikauliza yule ni nani? Ni mwanawe, wamekuja naye kutoka huko, miezi imepita na bado wanamlisha. Nilimkumbuka yule shore na mdudu mdomoni pale kwangu, ikabidi nisogee kando nifute macho.

Juma lililopita, mvua kama ile ile, mtoto wa jirani kaja mbio amemshika kinda wa shore kwenye fulana, huyu uchi kabisa, macho hayajafunguka. Kiota kilikuwa chini kimepasuka. Tulichukua pakacha, nyasi kavu, nikapanda kwenye stuli nikalifunga kwenye tawi lile lile la mwarobaini, kisha nikawafukuza wote tukakaa barazani kimya. Saa nzima hakuna kitu. Nikawaza nishuke nikamtizame, nikajizuia. Karibu na magharibi shore mmoja akaja akakaa kwenye tawi la juu, akageuza kichwa, akaruka mpaka ukingo wa pakacha, mdomoni ana kumbikumbi, mabawa bado yanatikisika.